Mwito wa Tatu

...na asiyeamini asiamini, shauri yake, Mwidani hamlazimishi mtu, lakini katika vijana wote wa Mtopanga, waliomaliza shule na waliotoroka kidato cha pili kama yeye, ajitokeze mmoja tu aliyewahi kukagua nyumba sita za kulelea wazee kwa siku kumi na mbili, kwa miguu yake na kwa pua yake, ajitokeze, atanyolewa bure mpaka siku atakayooshwa, maana watu wakitaka kumweka mzazi mahali huuliza kama pana maji ya mfereji na kama choo ki karibu, huonyeshwa kitanda kilichotandikwa wakaridhika, ila yeye ni kinyozi, na kinyozi akikushika kichwa tu ashajua umeoga lini, nani hukupaka mafuta, walalia ubavu gani, na kama huwa walia... yote hayo alikuwa ameyapanga kichwani ayaseme, alikuwa na hamu ya kuyasema, ila wa kuambiwa hakuwapo, palikuwa na fomu tu juu ya paja lake na kalamu iliyofungwa uzi isiibwe, na mbele yake, barazani hapa kwenye Nyumba ya Sakina, Mikindani, msimamizi Emmaculate, mwanamke wa bara mwenye sauti ya taratibu na sendo za plastiki, anamuuliza jambo ambalo hakulisikia kwa sababu nyuma ya pazia la kijani, chumba cha kwanza kulia, mamake alikuwa ameita.

"Jafar!"

Mara moja hiyo, akahesabu. "Jafar, si mama anakuita," Emmaculate akasema, akainua nusu ya mwili kutoka kitini, "wacha nimwendee," na Mwidani akanyoosha mkono kama askari anayesimamisha gari, "muache, mamangu namjua, nitamwitika mwenyewe," na Emmaculate akakaa, lakini akakaa kwa shida, kwa sababu alishamwambia tangu siku ya kwanza, hapa hatuachangi mtu aite mara mbili, na hakuna aliyelisahihisha jina, wala yeye mwenyewe, Mwidani Abdulghani, kitambulisho ki mfukoni kinamchoma paja, maana Jafar ni kakake, na Jafar alikufa miaka minne iliyopita, lori la makontena alilokuwa utingo lilipinduka Mariakani, akaletwa nyumbani amefunikwa shuka isiyo ya kwao, na leo asubuhi mama alipoteremka kwenye tuktuk pale langoni, Bi Mishi mwenyewe, buibui lake la Idi, mkono wenye kovu ameuficha ndani, alimwambia Emmaculate kwa fahari, "Huyu ndiye mwanangu mkubwa, Jafar, huyu ndiye anijuaye," na Emmaculate, aliyemjua kwa jina la kinyozi tu, akasema karibu Jafar, na Mwidani, ambaye Kisauni nzima hakuna mwenye mdomo kama wake, ambaye huwatania wateja wakacheka na wembe uko shingoni, alibeba mkoba tu, akaingia.

Na mara moja haihesabiki, hilo mama mwenyewe ndiye aliyewafundisha, yeye na Jafar, wakiwa wadogo, magharibi wakirudi madrasa, ukisikia jina lako na humwoni akuitaye usiitike, nyamaza, ikija ya pili nyamaza, wale wengine, majini, huita mara mbili tu, pumzi yao haifiki ya tatu, ikija ya tatu huyo ni mtu, ni mwanadamu ana haja nawe, mwitike upesi, na Jafar alikuwa akisubiri kwa adabu zake zote, mguu mmoja juu, kidole mdomoni, kisha ya tatu ikitoka tu, "Labeka mama!" ameivuta ile ka mpaka imekuwa wimbo, na mama huko jikoni utamsikia acheka peke yake, na yeye Mwidani ya tatu ikitoka alisema "Nini?" na ndara ikaja, wallahi haikukosa hata siku moja, mwanamke yule angezaliwa mwanamume angechezea timu ya taifa... "Asubuhi anakunywaga uji ama chai?" hili alilisikia, akajibu, "Uji wa mtama, na aupoze mwenyewe, asipozwe," na Emmaculate akaandika daftarini mwake, anaandika polepole, kila herufi kama anaipanda, na Mwidani akamtazama zile sendo na moyo ukajisifu tena kidogo, maana ni kwa sendo hizo aliichagua nyumba hii, asiyejua atacheka, lakini ndivyo, kwa sendo.

Ile ya kwanza ilikuwa na maua langoni na bango lenye picha ya bibi mwenye meno yote, akaomba ruhusa awanyoe wazee bure, ndiyo hila yake hiyo, nani atamkataza kinyozi wa bure, na kichwa kikiwa mikononi mwake aliangalia nyuma ya sikio, aliangalia kucha, aliangalia visigino, akauliza kwa utani, mzee jana mlikula nini, wa kwanza akasema pilau, wa pili akasema hatukula, wa tatu akaanza kulia, akafunga mashine zake akaondoka, ya pili magodoro yalinuka hata yamevishwa nailoni, ya tatu wazee walikuwa safi, safi mno, wamepangwa ukutani kama viatu vya Ijumaa, hakuna anayezungumza, ikamtisha kuliko ule uvundo, lakini ni kwenye ya nne ndipo alipopata akili, alikuwa anamnyoa mzee mmoja ndevu na chumba cha nyuma bibi aliita, Nesi, akaita, Nesi, wafanyakazi wawili wameketi hapo hapo kizingitini wanatazama simu, na Mwidani bila kutaka akajikuta anahesabu, ilipofika mara ya tatu mkono ukasimama na wembe, maana ya tatu ni mtu, ikafika ya saba, ikafika ya kumi na moja, ikakoma, na kukoma kwake ndiko kulikomtoa jasho... tangu siku hiyo hakuangalia tena kucha, akifika mahali huketi, hunyoa, huhesabu, na hapa kwa Sakina alikuwa anamnyoa Mzee Oduor, aliyekuwa dereva wa kreni bandarini, miguu imemkataa lakini ulimi bado u kazini, akamwambia, "Kijana, umekuja kuninyoa ama kunipimia sanduku?" na Mwidani, "Mzee wewe bado sana, hiki kichwa kina kona, hakiingii," na Oduor akacheka mpaka akakohoa, akataka maji, akaita mara moja tu, "Emma," wala hakupaza, na tayari huko ndani sendo zilikuwa zinakuja, pa, pa, pa, pa, kabla jina halijaisha kutoka, akajua, basi, ni hapa, mtafute kijana mwingine aliyechagua nyumba kwa masikio...

"Jafar! Ndoo hapa!"

Mara ya pili. Emmaculate akaweka kalamu yake chini, "Jafar, hiyo ni ya pili," akasema bila ukali, na Mwidani akasema "Najua," na kweli alijua, nani ajuaye kama yeye, akakaa vilevile, kalamu mkononi, uzi umenyooka, na kazi yenyewe ni nyepesi, ni neno moja, ameshalisema mara mia mbili mwaka huu, labeka, kwa sauti ya kakake, na mara ya kwanza kulisema hakulitafuta, ilikuwa alasiri, mkono wa mama ungali na bendeji, mama hakutaka kula siku ya pili, kila akiingia na sahani alimtazama juu mpaka chini, "Kinyozi, wataka nini nyumbani kwangu, nimekwita mimi?" na yeye akafanya mzaha, akasema nimekuja kukunyoa ndevu bibi, akatoka nje akaketi juu ya ndoo, akacheka peke yake, kicheko hakina meno, na ndani mama akaanza, Jafar, akanyamaza, Jafar, akanyamaza, Jafar, na ya tatu ilipotoka kitu kilimpanda Mwidani kutoka tumboni, "Labeka mama!" na ile ka ikavutika yenyewe, ikaimba, wala hajawahi kuimba maisha yake, na mama akasema, "Ulikuwa wapi baba, nimekaa na ndaa," akala wali wote, akakubali kuoshwa, akakubali kuvuliwa na kuvikwa, akamshika shavu, na tangu hapo ndani ya ile nyumba hakukaa Mwidani, Mwidani alibaki kinyozini kwa kiti cha kunyolea, mlangoni anavua viatu na jina... na watu wasijue, nani atawaambia, lakini siku moja mama aliita na Mwidani akaisikia labeka imeitika, wazi kabisa, kutoka upande wa jikoni, na yeye alikuwa bado amefumba kinywa.

Mkono ule, ule wenye kovu, hilo nalo asimwulize mtu, mtaa wote wajua, mama alianza kutoka, kwanza mpaka dukani, kisha mpaka barabara ya Malindi, anasimama kando anatazama kila lori linalopita, akarudishwa siku moja na watu asiowajua, ana kiatu kimoja mguuni, na Mwidani akanunua kufuli, kufuli kubwa la shaba, akawaonyesha wenzake kinyozini, tazameni, hata mwizi wa benki atalipigia saluti, akawa asubuhi anafunga kwa nje, adhuhuri anakuja kulisha, anafunga tena, duka lenyewe ni kuvuka barabara tu, ni dakika nne, siku zote alisema dakika nne, hata kwa daktari alisema dakika nne, na siku hiyo mama aliwasha jiko la makaa chumbani ampikie Jafar, kanga ikashika moto, na dakika nne ni ndefu iwapo mtu aliye kwenye kiti cha kinyozi anabishana nawe nani mfungaji bora, aliyemtoa ni Nyamvula, jirani akaangaye viazi, aliuvunja mlango kwa mchi wa kinu, na Mwidani alipofika mbio na shuka ya kunyolea bado ingali shingoni mwa mteja aliyemfuata, Nyamvula alikuwa amemkumbatia mama uani, anamwagia maji mkono, wala hakumfokea, angemfokea ingekuwa nafuu, alisema tu, "Kaita sana, Mwidani. Kaita Jafar, Jafar. Sisi huyo Jafar twamsikia kila siku, tushamzoea, hakuna aliyeinuka," akamtazama, "hata mimi sikuinuka mpaka nilipoona moshi," na Mwidani akataka kuuliza kaita mara ngapi, mpaka leo hajauliza, na kila nyumba aliyokwenda kuhesabu, kuhesabu kule... basi.

"Haya, hapa ndio uandike jina yako," Emmaculate alikuwa ameinama, kidole chake kimekaa juu ya mstari, "jina la anayemleta, halafu hapa uandike wewe ni nani yake, halafu sahihi, unipatie na kitambulisho nitoe kopi," kidole safi, ukucha umekatwa vizuri, na Mwidani akautazama mstari, mstari mweupe mrefu kuliko lazima, akiandika Jafar, basi mtu aliyezikwa amemleta mamake Mikindani na kutia sahihi, akiandika Mwidani, huyu msimamizi atauliza, kwani Jafar ni nani, na kesho kwa wema wake atamwambia Bi Mishi, mwanao Mwidani amepiga simu, na Bi Mishi atasema nini, Mwidani yupi, yule kinyozi, na Ijumaa akija kumtazama atakuja kama nani, na mwisho, siku ile, akija kuitwa upesi, aje nani... "Uko na wasiwasi," Emmaculate akasema, "ni kawaida, wote wanakuwanga hivyo kwa huo mstari," na Mwidani akataka kumtania, neno la utani lilikuwa hapo, huwa liko daima, akalipapasa akalikosa.

Hata hii Mikindani, tuseme kweli, kwani kuna anayesikia, hii Mikindani haikuishinda ile nyumba ya tano, ile ya tano nayo walikuja kwa mwito wa kwanza, tena yule wa huko aliitika huku anakimbia, na ile ya tano ni Kisauni, anatoka kinyozini kwa miguu, angekuwa kwa mama kila adhuhuri na sahani yake, lakini mbele ya ile ya tano hupita mke wa imamu, hupita Nyamvula na karai lake, hupita kila mteja aliyemnyoa, watasema nini, wana wa Abdulghani wamemtupa mama yao na mmoja yu hai, kwa hiyo aliwaambia majirani mama anakwenda Lamu kwa jamaa zake akapunge hewa, na Nyamvula akafunga mikate ya mofa kwa gazeti, ya njiani, akasema, "Lamu ni mbali Mwidani, atakula mpaka afike," na mikate ile iko humu kwenye mkoba, ingali na joto, ndiyo Lamu yenyewe hii, safari ya tuktuk, na mama njia nzima ameshika mkoba kwa mkono mzima na kwa mkono wa kovu amemshika yeye kiganja, anauliza, "Jafar, wenda nami mpaka ndani?" "Naenda nawe mama." "Na utarudi?" "Nitarudi." Kwa sauti ile. Yote kwa sauti ile, kama nguo ya kuazima, na sasa anataka kuivua na haivuki.

Pazia la kijani halikutikisika. Emmaculate amegeuza shingo upande wa chumba, sendo zimeshika sakafu tayari, Mzee Oduor huko uani amekohoa, ya tatu haijaja, na Mwidani akajikuta, kalamu pale pale, uzi pale pale, anaingoja kwa mwili mzima kama mtoto aliyesimama kwa mguu mmoja, na chini ya ulimi wake haikuwa labeka iliyokuwa imelala, alipaangalia mwenyewe akastuka, ilikuwa ni ile nyingine, yake, ile ya adabu mbaya, Nini, mama, nini, na kama ndara itaruka na iruke, iruke impate usoni mbele ya huyu mwanamke na fomu yake, lakini kimya, na kwenye kimya kile lile aliloliacha likaja lenyewe, lile ambalo katika habari yote ya nyumba sita na siku kumi na mbili na masikio yake hodari hakulitia, na hakukusudia kulitia, kwamba leo asubuhi tuktuk ikipiga honi nje, yeye yuko uani anakunja mkeka wa mama, mama aliita kutoka ndani, akasema, "Mwidani."

Mwaka mzima. Mwaka mzima hajalisikia jina lile katika kinywa kile, akasimama na mkeka mikononi, akasema moyoni ni wale, leo ni wale, wamejua naondoka naye, na ikaja ya pili, "Mwidani," sauti ile ile ya zamani, ya jikoni, ya mwanamke mwenye ndara karibu, na akaomba, ndiyo, aliomba, isije ya tatu, pumzi yao haifiki ya tatu, Mola naisifike, kwa sababu kama ni mtu, kama ni mama, amerudi, amemjua, angemtia vipi kwenye tuktuk mtu anayemjua, angemdanganya vipi Lamu, na ikaja, "Mwidani, mwanangu," ya tatu, ya mwanadamu mwenye haja naye, ilimtosha kusema neno moja, na akaenda mpaka mlangoni, akasimama mwanga uko nyuma yake ili uso wake uwe mweusi, akavuta ile ka vizuri kuliko siku zote, "Labeka mama. Ni mimi, Jafar. Mwidani ametoka," na mama akamtazama, akamtazama sana, na macho yale hayakuwa ya mtu aliyepotea njia, asidanganywe mtu, alikuwa pale, alikuwa pale mzima, kisha akaanza kuufunga mtandio wake taratibu, akasema, "Ametoka?" "Ametoka mama." "Basi mwachie ufunguo chini ya mtungi, asije akatukosa akakaa nje. Yule hurudi na ndaa," na Mwidani akautoa ufunguo wa lile kufuli kubwa, akapiga magoti, akauinua mtungi, akauweka, na mama alikuja akasimama juu yake akiangalia, kuhakikisha ameuweka mahali ambapo mwanawe atauona.